Nega Hali Bila Mwanga

Mbaluka alikuwa mwoga, na hakuna mtu mtaani Shauri Moyo aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye mwenyewe. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, aliogopa mtu yeyote anayetembea nyuma yake jua likishatua. Baba yake, mchonga vinyago wa Wamunyu aliyekuja kuchongea sokoni Gikomba, alijaribu kumrithisha kazi, lakini kijana alikuwa akifumba macho kila tezo linaposhuka kwenye gogo. "Huyu atajikata vidole vyote kwa kuogopa kukatwa kimoja," mzee akasema, akampeleka kwa rafiki yake aliyekuwa na studio ya picha mjini. Huko ndiko Mbaluka alikopata raha yake. Picha hupigwa kwa mbali. Unasimama kando, unamwambia mtu ainue kidevu, ukimaliza kila mmoja anashika njia yake na hakuna aliyekugusa.

Kufikia mwaka ule wa kabla ya mvua za Elninyo alikuwa na studio yake, kibanda cha mabati kilichoegemea nyumba alimoishi na mkewe Nzisa na binti yao Kavata. Ukutani alitundika kitambaa kilichochorwa ndege ikiruka katikati ya maporomoko ya maji, jambo ambalo hakuna rubani mwenye akili angelifanya, lakini wateja walikipenda. Nyuma ya kitambaa kulikuwa na chumba cha giza, alikosafishia picha za kitambulisho chini ya balbu nyekundu. Alijua kusema na watu. "Tulia hapo. Kidevu juu kidogo. Usicheke bado, nitakuambia." Hata watoto watundu walitulia, na wazee waliokuwa wamenuna tangu uhuru walilegeza uso.

Halafu wakaja wezi.

Jirani yao Phelister, muuza mitumba ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Griffins, alikuwa na mbwa mkubwa jina lake Polisi. Polisi alibwekea kila kitu, hata nguo zilizoanikwa. Usiku ule hakubweka. Wezi walimrushia matumbo yaliyopakwa sumu, akayala kwa shukrani, na asubuhi alikutwa amelala mlangoni ulimi nje, povu limemkaukia mdomoni. Bati la studio lilikuwa limekatwa, kamera nzuri imekwenda na stendi zake zote. Watu walimpa Mbaluka pole, wakashangaa jinsi wezi wa siku hizi wanavyofanya kazi kimyakimya. Mbaluka alikubali kwa kichwa. Nzisa peke yake ndiye aliyejua kwamba mumewe aliwasikia tangu mwanzo, akajifunika blanketi gubigubi na kumziba yeye mdomo kwa kiganja.

Tangu hapo mikono ikaanza kumtetemeka. Si kidogo. Kamera iliyobaki ilikuwa ya zamani, inataka mkono mtulivu, na picha zikaanza kutoka na ukungu. Mzee mmoja alipewa picha yake ya kitambulisho, akaigeuza huku na huku, akauliza huyu ni nani. Mpiga picha asiyeweza kushika kamera ni sawa na kinyozi kipofu, na Mbaluka alijua kwamba hali ikiendelea hivyo watu watahamia kwingine.

"Baba Kavata, tutafute mbwa," Nzisa alisema.

"Polisi si alikuwa mbwa?"

"Basi tutafute mbwa asiyekula ovyo."

Mbwa hao hawauzwi popote, Mbaluka akajibu, hao hufundishwa. Alisema hivyo akidhani amemaliza maneno. Lakini wiki hiyohiyo alienda Donholm kupiga picha za siku ya kuzaliwa kwa mtoto wa mwalimu mmoja aliyeitwa Teresiah, na uani kwa Teresiah kulikuwa na jike lililozaa. Mwalimu alimwona akiwatazama watoto wa mbwa kwa mbali, mgongo ukutani, akadhani anawatamani. Akamtilia mmoja kwenye kiondo. Mbaluka alishindwa kukataa, kwa kuwa hata kukataa kulimwogopesha, na akarudi nyumbani amekishika kiondo kile mkono umenyooka, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba sufuria ya maji yanayochemka.

Alikuwa jike mweusi tii, ila mviringo mweupe kuzunguka macho na mdomo. Kavata alipomwona alisema anafanana na watu walio kwenye negativu za baba. Wakamwita Negativu, na kwa kuwa jina lilikuwa refu kuliko mwenyewe, akabaki Nega.

Sasa, mtu angemtazama Mbaluka akimfundisha Nega angedhani ni bingwa wa mbwa. Ukweli ni kwamba alikuwa anayaogopa meno yale madogo. Utotoni aliumwa na mbwa kule Wamunyu, akachomwa sindano za tumboni siku baada ya siku, akishikiliwa na wanaume wawili, na mpaka leo akiota ndoto mbaya huota tumbo lake. Teresiah alikuwa amemweleza wazi: mlishe kwa mkono, mwambie "kula" akipewa na "hapana" akinyimwa, azoee sauti yako na harufu ya vidole vyako. Mbaluka aliitikia ndiyo, ndiyo, mwalimu. Vidole vyake hakuvitoa.

Akabuni njia yake. Kipande cha nyama kilifungwa uzi, kikawekwa sakafuni kwa mwiko mrefu. Yeye alisimama kule nyuma ya kamera, akasema "Tulia." Nega akirukia nyama, uzi unavutwa, nyama inakwenda. Nega akitulia, Mbaluka anabonyeza flashi, chumba chote kinawaka kwa mwanga mweupe, na hapo uzi unaachwa na mbwa anakula. Alijisifu moyoni kwamba kwa jiwe moja ameangusha ndege wawili: kitoto kimezoea flashi, hakitawasumbua wateja, na papo hapo kimejifunza kutogusa chakula mpaka mwenyewe atoe ruhusa. Wala hakuhitaji kukisogelea.

Nega alikuwa na akili za kutisha. Baada ya wiki chache uzi haukuhitajika tena. Ungeweza kumwekea matumbo ya moto mbele ya pua, akaketi wima, mate yanamchuruzika mpaka sakafuni, mwili unamtetemeka, asiguse. Majirani walikuja kutazama. Mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Mzee Naftaly Wekulo, dereva wa malori aliyestaafu, alimrushia kipande cha nyama ya kuchoma kutoka soko la nyama la Burma kwa mkono wake mwenyewe, na Nega akakitazama tu. "Huyu ameokoka," Wekulo akasema. Mama Griffins alifuta machozi kwa ncha ya leso akimkumbuka Polisi.

Na mikono ya Mbaluka ikaanza kupoa. Usiku alimsikia Nega akigeuka kwenye gunia lake chini ya meza ya studio, akalala. Picha zilirudi kuwa na sura moja kila mtu. Alimpenda mbwa yule, hakuna njia nyingine ya kulisema, ingawa alikuwa bado hajamgusa ila kwa kiatu, kwa kumsukuma taratibu.

Mchana mmoja Kavata aliangusha kipande cha chapati mlangoni. Nega akaketi mbele yake, akangoja. Ng'ambo ya barabara mafundi wa jua kali walikuwa wakichomelea geti. Mwanga wa buluu ukamulika mara moja, na kabla mtu hajafungua mdomo, chapati haikuwepo. Watu walicheka mpaka fundi mmoja akavua miwani yake kuuliza kumetokea nini. Nzisa hakucheka.

"Kwa hiyo hakungoji wewe," alimwambia mumewe. "Anangoja mwanga. Mwanga wowote."

"Nitamfundisha neno," Mbaluka akasema. "Kesho."

Kumfundisha neno kulimaanisha kukaa naye chini, kumshika taya, kumlisha mkononi. Kesho ikawa kesho kutwa, ikawa wiki, na mvua za masika zikakaribia.

Hapo ndipo mbwa wa Burma walipoleta balaa. Walikuwa wengi, hawana mwenyewe, wanaishi kwa mifupa ya wauza nyama, na mmoja wao akamuuma msichana aliyekuwa akitoka dukani. Mbwa yule alikuwa na kichaa. Msichana alipelekwa hospitali, na mtaa mzima ukashikwa na hofu. Watu walitembea na fimbo kwenda chooni. Kamati ikakaa kikao kimoja kifupi, Mzee Wekulo akapita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti chake cha betri. Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili jioni, matumbo yenye sumu yatawekwa kiwanjani na kando ya mtaro. Watoto wafungiwe ndani. Mwenye mbwa amfunge. Mbwa atakayekutwa nje hana mwenyewe, na mbwa yeyote atakayeuma mtu, awe na mwenyewe asiwe naye, atauawa.

"Wako amesoma," Wekulo alimwambia Mbaluka mlangoni. "Lakini mfunge tu."

"Nitamfunga, Mwenyekiti."

Kijana mmoja wa kamati akaongeza, "Mzae, usicheze na hii kitu. Hiyo dawa ni noma."

Mbaluka alihesabu siku zilizobaki. Jumamosi hiyohiyo alikuwa na harusi mtaa wa Lucky Summer, ahadi ya tangu mwaka uliopita, na hakuna bwana harusi anayekubali kuambiwa kwamba mpiga picha amebaki nyumbani kuchunga mbwa. Asubuhi alimfungia Nega kwenye chumba cha giza. Akatoka, akarudi kuutikisa mlango. Akatoka tena, akarudi tena. Nzisa akamwambia aende, yeye ataketi papo hapo studio na cherehani yake, hatasogea.

Harusi ilikuwa na maneno mengi. Mjomba wa bibi harusi alizungumza, akajibiwa na mjomba wa bwana harusi, na kila mmoja alikumbuka jambo alilosahau. Mbaluka alipiga picha huku akitazama angani upande wa mjini. Mawingu yalikuwa yamejazana kule, meusi, mazito, na alasiri ilikuwa imegeuka jioni kabla ya wakati wake. Mawingu yale yangeleta umeme wa radi. Akafikiria geti la fundi na chapati ya Kavata. Alimwachia keki dada wa bibi harusi aipige picha kwa kikamera chake kidogo, akaomba radhi kwa mtu ambaye hata hakujua ni nani, akaondoka.

Alifika Shauri Moyo saa kumi na mbili imeshapita, kamera bado iko shingoni. Ngurumo zilikuwa zimeanza, za chini, ndefu, zinazosikika miguuni kuliko masikioni. Umeme wenyewe ulikuwa bado umefichwa na mawingu. Nzisa alikuwa amesimama barabarani bila viatu.

"Nilifungua nimpe maji," alisema. "Ngurumo ikapiga. Akapita katikati ya miguu yangu. Baba Kavata, nimemwita mpaka sauti imekauka."

"Amekwenda wapi?"

"Kiwanjani."

Mbaluka alikimbia. Mwanamume yule aliyewasikia wezi akajifunika blanketi alikimbia, na njiani alikuwa anaogopa kila kitu kwa pamoja: matumbo, ngurumo, mbwa wa Burma wenye kichaa ambao huenda walikuwa bado wanazunguka. Karibu na mtaro aliwakuta wawili wameshalala, mmoja miguu ingali inapiga hewa. Alifumba macho akapita. Mama Griffins alikuwa kwenye dirisha la nyumba ya mwisho, amewafungia watoto ndani, akamnyooshea kidole.

"Yuko pale kwa majani. Hajala, nimemwangalia. Ameketi tu."

Na kweli alikuwa ameketi. Katikati ya kiwanja, juu ya karatasi ya kaki, kulikuwa na fungu la matumbo, na mbele yake Nega ameketi wima, masikio yamelala kwa kuogopa ngurumo, mate yanamtoka. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini hakusogea. Aliposikia nyayo aligeuza kichwa, akamwona Mbaluka, akaona na kamera iliyoning'inia kifuani pake. Mkia ukapiga ardhi. Bwana amefika, na flashi yake ameileta.

Hapo Mbaluka akapigwa na hofu ambayo hajawahi kuijua, na yeye hofu alikuwa anazijua nyingi. Flashi ilikuwa tayari kumulika. Aliiacha imewashwa tangu Lucky Summer, kile kijitaa chake chekundu kikionyesha imejaa, na vidole vyake, vile vidole vyake vya wendawazimu, vilikuwa vinacheza juu ya kitufe. Mguso mmoja tu. Aliizima. Hakuridhika. Akafungua kifuniko, akazimwaga betri kwenye majani, kifuniko nacho kikaanguka, asikitafute.

Sasa ilibaki mbingu, na mbingu haina kifuniko.

Alitaka kuita, lakini aite nini? "Njoo" Nega hakuijua. "Hapana" hakuijua. Angemkimbilia, kitoto kingedhani ni mchezo, kingenyakua nyama na kutoroka nayo kama kilivyonyakua soksi za Kavata. Neno moja tu ndilo alilomfundisha, na alilifundisha kwa sababu lilikuwa neno lake la kazi.

"Tulia," alisema.

Sauti ilitoka imepasuka. Akainua kamera machoni, kamera isiyoweza kumulika tena, kwa kuwa alijua kwamba kamera ikiwa juu Nega humtazama yeye na si nyama. Akaanza kusogea. Taratibu, kama mtu anayetafuta umbali mzuri.

"Tulia hapo. Vizuri sana. Kidevu juu kidogo. Hivyo hivyo, mama. Usicheke bado, nitakuambia."

Ngurumo ikapita juu ya mabati ya mtaa mzima. Nega akajikunyata, akatazama nyama, akamtazama tena. Matone ya kwanza yalianguka, makubwa, ya baridi. Katika kioo cha kamera Mbaluka alimwona mdogo, mweusi, na ule mviringo mweupe wa macho, na machozi yalikuwa yanamzuia kuona vizuri. Mungu wangu, alikuwa akisema moyoni, ngoja kidogo. Ngoja nifike. Mambo yote aliyomwekea mbwa huyu ili asife kwa sumu ndiyo yaliyomketisha pale mbele ya sumu akingoja mwanga, na ni kwa sababu yeye Mbaluka, mtu mzima, baba wa mtoto, aliogopa kunyoosha mkono.

"Tulia. Bado. Bado kidogo."

Alikuwa amebakisha kama urefu wa kitanda. Akaanza kuinama.

Kiwanja chote kikawaka kwa mwanga mweupe.

Hakusikia mlio. Aliona kila jani, kila kokoto, na aliona kichwa cha Nega kikishuka. Akajitupa. Kamera ilipiga ardhi chini yake, na mkono wake wa kulia ukaingia kinywani mwa mbwa, wote, mpaka vifundo, ukatafuta. Meno yalifunga. Yalikuwa makali kuliko alivyoyaogopa miaka yote ile, na hakuutoa mkono. Alihisi matumbo, yanateleza, yameshaanza kwenda kooni, akayashika kwa vidole viwili, akavuta. Nega alikoroma, akauma tena, akajipindapinda. Mbaluka alikuwa anapiga kelele, ila alikuwa anapiga kelele neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "hapana." Matumbo yakatoka. Aliyarusha mbali, akalala juu ya mbwa mvua ikiwapiga, akimsugua ulimi kwa ncha ya shati.

Nzisa alimkuta hivyo.

Walimrudisha Nega nyumbani amefungwa ndani ya koti alilovaa Mbaluka harusini. Nzisa alichanganya maziwa na unga wa makaa, wakamnywesha kwa kijiko, mengine yakamwagika, mengine akayatapika, wakamnywesha tena. Mama Griffins, aliyekuja kupitia nyuma ya nyumba, alimwoshea Mbaluka mkono kwa sabuni na maji mengi, akiusugua bila huruma, damu ikijaza beseni la kusafishia picha. Kisha Mbaluka akambeba Nega akaingia naye chumba cha giza, akafunga mlango. Humo umeme haukuweza kuingia hata kidogo. Alikitengeneza chumba kile kwa mikono yake, akaziba kila tundu, na jioni ile alishukuru kwa kila tundu. Aliketi sakafuni, mbwa mapajani, kwa mara ya kwanza, akingoja kuona kama miguu itaanza kupiga hewa kama ya yule wa mtaroni. Kila Nega aliposhtuka kwa ngurumo, Mbaluka alidhani ndiyo hiyo sasa.

Mvua ilipopungua, Mzee Wekulo alibisha. Alisimama mlangoni pa studio na koti lake la mvua, fimbo mkononi, na Nzisa akamsimamia mbele. Mbaluka alitoka mwenyewe.

"Nimesikia mbwa wako ameuma mtu," Wekulo alisema.

"Ni kweli, Mwenyekiti."

"Nani?"

"Mimi."

Wekulo aliutazama mkono uliofungwa kitambaa, damu imepenya. "Sheria ya kamati unaijua. Tulikubaliana wote."

"Naijua." Mbaluka aliona fimbo, akaona jinsi mzee alivyo mpana. Lakini hakuondoka mlangoni. "Mwenyekiti, mbwa hakunifuata. Mimi ndiye niliyempelekea mkono mdomoni nikamnyang'anya chakula. Hata wewe ningekufanyia hivyo ungeniuma."

Mama Griffins, aliyekuwa ameshika beseni, alikohoa kicheko akakimeza. Mzee Wekulo alivua kofia, akaikung'uta maji. Aliuliza kama mbwa amemeza kitu. Mbaluka akasema hajui, ndiyo wanangoja. Wekulo akaitazama fimbo yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akasema mkono ule upelekwe hospitali kesho mapema, na mbwa akiamka mzima afungwe kwa kamba, achunguzwe. Kisha akaenda zake.

Nega aliamka mzima. Alikuwa mnyonge, tumbo limeingia ndani, ananuka makaa, lakini alisimama, akajinyoosha, akakojoa kwenye ndege ya kitambaani. Nzisa alikaa chini akalia. Mbaluka alikwenda hospitali akiwa amejiandaa kwa sindano za tumboni, ameshafungua na vifungo vya shati, na muuguzi akamwambia afunge, siku hizi wanachoma begani. Aliona aibu, akafurahi.

Aliporudi, Nzisa alikuwa amemwekea mbwa ugali wenye vipande vya nyama kwenye sahani ya bati. Nega hakuwa amegusa. Alikuwa ameketi mbele yake, wima, mate yanamtoka, njaa inamtetemesha, na macho yamekazwa kwenye msumari ambapo flashi hutundikwa. Flashi ilikuwepo, Kavata alikwenda kuokota betri asubuhi.

"Mpigie basi ale," Nzisa alisema. "Tangu nimwekee hapo hajasogea. Atakufa kwa njaa sasa."

Mbaluka aliitazama flashi. Aliichukua, akaifungia kwenye sanduku la karatasi za picha, akarudi, akapiga magoti mbele ya mbwa. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba ndani ya bendeji, vidole viwili tu ndivyo vilivyochomoza. Akachukua kipande cha nyama kwa vidole hivyo.

"Kula," alisema.

Nega alitazama msumari. Akatazama nyama. Akausogeza mdomo, ule mdomo wenye meno, akaunusa mkono wote tangu kwenye kiwiko, akafika kwenye bendeji, akairamba mahali palipokuwa na damu. Mbaluka alikuwa anatetemeka kama siku ya wezi, jasho linamtoka.

"Kula, mama," alisema tena.

Akakichukua kipande kwa ncha ya midomo. Mbaluka akatoa kingine. Mkono ulitetemeka mpaka sahani ikaisha, na hakuuondoa.